Vitufe Thelathini na Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Muhayyo alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kupiga mikate muhuri. Ya pili ilikuwa kusukuma kigari cha mtoto mchanga hadi sokoni.

Mtoto mwenyewe hakuwamo kigarini. Aliyewahi kulala humo ni Muhayyo, na sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu mirefu kama ya korongo. Siku hizi kigari kilibeba mikate arobaini ya moto, imefunikwa shuka jeupe, kama vigari vyote vya waokaji wa mtaa wao mjini Kokand. Gurudumu moja lililia kwi, kwi, kwi njia nzima. Wateja walitambua kwamba mkate wa Bibi Salomat unakuja hata kabla ya kusikia harufu yake.

"Muhayyo! Muhuri katikati!" alifoka Bibi Salomat, kichwa na mabega yakiwa ndani ya tanuri, akibandika mikate kwenye kuta zake. "Katikati, si pembeni! Mkate wenye ua pembeni unanunuliwa na kipofu tu."

"Umeuonaje, Bibi, na kichwa chako kimo tanurini?"

"Nimekulea. Sihitaji kukuona."

Muhuri huo ulikuwa kipini cha mti chenye misumari midogo chini yake, iliyopangwa mfano wa ua. Ukiukandamiza kwenye kinyunya, ua linabaki. Mkate wa kwanza ua, wa pili ua, na wa mia moja ua lile lile, wala mkono haujachoka. Ukutani palitundikwa muhuri mwingine, mpya kuliko huo, uso wake umegeuziwa ukuta. Muhayyo hakuwahi kuona ukitumika. Kila alipouliza, Bibi alimjibu maneno yale yale: "Huo umestaafu. Sukuma kigari."

Wazazi wa Muhayyo walikuwa wakifanya kazi Tashkent, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na Bibi, na magoti ya Bibi ambayo yalilalamika kiasi cha kuhesabiwa mtu wa tatu. Wateja wengi wa zamani walikuwa wamehamia maghorofa mapya ng'ambo ya mji, na kigari hakikuweza kufika huko. Kila wiki mikate ilibaki. Ndiyo maana Bibi alisubiri kwa hamu ule ukurasa wa wavuti wa waokaji, ingawa alijifanya haumhusu hata kidogo.

Ukurasa huo ulikuwa kazi ya darasa la kompyuta katika kituo cha mtaa. Mwalimu wao, Dilfuza, alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Alikuwa amewapa wanafunzi wake kazi moja: mtaa una waokaji thelathini na saba, basi kila mwokaji awe na kadi yake kwenye ukurasa. Kadi ioneshe picha, jina, aina za mkate na namba ya simu, na chini yake kiwepo kitufe kilichoandikwa *Piga Simu*. Mteja akikibonyeza, simu ya mwokaji yule inalia.

Wanafunzi wote walianza kazi Jumatatu. Siku ya Jumatano, Sanjar, mjukuu wa Mzee Ergash mwokaji wa nyumba ya jirani, alijinyoosha kitini na kualisha vidole vikalia.

"Mimi nimefika kadi ya ishirini na tisa," alitangaza. "Muhayyo, wewe je?"

"Moja."

"Moja! Siku tatu, kadi moja? Ulikuwa unaikanda kwanza iumuke?"

Darasa zima likacheka. Muhayyo aliinamisha uso karibu na skrini asionekane alivyotahayari. Ukweli ni kwamba alikuwa anafuata jambo alilofundishwa na Mwalimu Dilfuza siku ya kwanza, wakati wengine walikuwa wakigombania viti vya karibu na dirisha.

"Bibi yako akitaka maua kwenye mikate mia," mwalimu alikuwa amemuuliza, "je, anachukua sindano na kutoboa ua moja moja?"

"Hapana, Mwalimu. Anapiga muhuri."

"Basi na sisi tuna muhuri wetu. Unaitwa kijenzi. Ni kipande cha msimbo unachokiandika mara moja tu, kisha unakitumia mara nyingi upendavyo. Ndani yake unaacha nafasi wazi: hapa jina, hapa picha, hapa namba. Kompyuta inachukua orodha ya waokaji, inampigia kila mmoja muhuri, na inajaza nafasi zile kwa habari zake yeye."

Muhayyo alilielewa jambo hilo papo hapo. Sanjar naye alikuwa ameandika kadi ya kwanza, kisha akainakili na kuibandika, akabadilisha jina, akainakili tena na kuibandika. Kwa bidii, hakuna aliyemshinda.

Mwalimu Dilfuza alipita nyuma ya viti, akatazama skrini, akakunja uso.

"Vitufe hivi vyekundu vinanitisha," alisema. "Mtu atadhani anaita zimamoto. Vifanyeni vya kijani."

Sanjar aliguna kama ngamia anayepakiwa mzigo wa pili. Alianza kadi ya kwanza, akaingia ya pili, ya tatu. Muhayyo, ambaye kompyuta ilikuwa imempigia kadi zote kutoka kwenye ile moja, alifuta neno moja, akaandika lingine. Kadi zake zote thelathini na saba zikawa na vitufe vya kijani kwa mpigo.

"Nimemaliza," alisema, kisha akajinyoosha kitini na kualisha vidole vilevile kama Sanjar. "Sanjar, wewe je? Umefika ya ngapi? Au unaikanda kwanza?"

Safari hii darasa lilimcheka Sanjar, na alipomaliza kubadilisha rangi ilionekana kwamba amesahau kadi sita, miongoni mwao ya babu yake mwenyewe. Muhayyo alijiona ameota mabawa. Tangu hapo hadi kengele ilipolia alikuwa akitembea darasani akiwapa wenzake ushauri ambao hawakumwomba.

Sasa, mpanda ngazi hushuka, na ngazi ya Muhayyo ilikuwa na kipago kimoja kilichooza. Tangu siku ya Jumatatu, orodha ya namba za simu ilipokuwa haijafika, alitaka kuona kama kitufe chake kitapiga simu kweli. Kwa hiyo aliiandika namba ya Bibi moja kwa moja ndani ya kijenzi, akijiambia ataitoa baadaye. Orodha ilipofika, aliacha nafasi wazi ya jina, ya picha, ya aina za mkate, hata ya namba inayosomeka kwenye kadi. Ila pale ndani ya kitufe, mahali pasipoonekana na jicho, namba ya Bibi ilibaki imekaa kimya, ikisubiri siku yake.

Alhamisi alasiri Mwalimu Dilfuza alitangaza kwamba ukurasa utakaopandishwa mtandaoni ni wa Muhayyo.

"Lakini kabla ya kupandisha," alisema, "jaribu kadi tatu za waokaji watatu tofauti. Bonyeza kila kinachobonyezeka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mwalimu."

Alisikia kwa masikio tu. Mawazo yalikuwa yameshafika nyumbani, yanamsimulia Bibi. Muhayyo alitafuta kadi ya Bibi Salomat, akabonyeza kitufe. Simu ikaita.

"Nani?" iliuliza sauti ya Bibi.

"Mimi, Bibi! Najaribu ukurasa."

"Jaribu kufika nyumbani, chai inapoa."

Kitufe kinafanya kazi! Kuna haja gani ya kujaribu vingine, wakati vyote ni muhuri mmoja? Muhayyo alikusanya madaftari yake.

"Umejaribu kadi tatu?" aliuliza mwalimu.

"Tatu," alijibu Muhayyo, na neno lile lilimtoka laini, bila kugonga jino.

Siku iliyofuata, Ijumaa, aliporudi kutoka shule alimkuta Bibi katikati ya ua, unga umempanda hadi viwiko, simu kaibana baina ya sikio na bega.

"Alo! Ndiyo, mkate upo! ... Wa Ergash? Wa Ergash una nini hata uutafute, mwanangu? Ule ni soli ya kiatu iliyopakwa ufuta. Chukua wangu. ... Hamsini? Hamsini tayari!"

Akakata. Simu ikalia tena kabla hajaishusha.

"Alo! ... Umeungua chini? Mkate wangu hauungui! Ulinunua lini? ... Jumanne? Jumanne nilikuwa kliniki na magoti yangu, hata moto sikuwasha! Umeota, dada. Haya, nakusamehe. Unataka mingapi?"

Alipomwona Muhayyo, Bibi Salomat aliiweka simu chini, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, na kumwachia alama kumi za vidole vya unga mgongoni mwa sare.

"Mjukuu wangu! Mtandao wako una baraka! Tangu asubuhi watu hawajaacha kupiga. Kila mtu anamtaja Ergash, mara Hoshim, mara mjane wa kule pembeni, kisha wananunua kwangu. Nadhani hatimaye wameonja mikate ya watu hao."

Muhayyo alitazama mfuko wa unga uliokuwa umeandikwa maagizo kwa mkaa. Mikate mia mbili na sitini. Alichukua simu yake, akaenda nyuma ya stoo ya kuni, akafungua kadi ya Mzee Ergash. Picha ya Mzee Ergash, masharubu ya Mzee Ergash, namba ya Mzee Ergash. Akabonyeza kitufe cha kijani.

Uani, simu ya Bibi ikalia.

Akafungua kadi ya Hoshim. Akabonyeza. Simu ya Bibi ikalia.

"Alo! Alo! Sema basi, au umekuja kunisikiliza napumua?" Bibi alifoka.

Muhayyo alikata simu na kukaa juu ya kuni. Vitufe thelathini na saba, vyote vinampigia mtu mmoja! Aliogopa, tena aliogopa kweli. Waokaji thelathini na sita walikuwa wamekaa siku nzima wakisubiri simu zisizokuja, na wateja wao walikuwa wameandikwa kwa mkaa kwenye mfuko wa unga wa Bibi.

Angeweza kwenda kusema saa ile ile. Lakini Bibi alikuwa anaimba, na Bibi hakuwa ameimba tangu magoti yaanze. Na akisema kuhusu kitufe, itabidi aseme na kuhusu lile neno "tatu". Kituo kilikuwa kimeshafungwa. "Kesho asubuhi nitakwenda mapema, nitarekebisha kimyakimya, hakuna atakayejua," alijiambia. Usiku ule alikula mkate bila kuusikia ladha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho kilikuwa kinakuja kwa miguu, kimevaa kofia, kina masharubu.

Jumamosi, kabla mkate wa kwanza haujatoka tanurini, lango liligongwa. Waokaji kumi na watatu waliingia uani, mbele yao Mzee Ergash, na nyuma yao Sanjar akichungulia.

Mzee Ergash hakutoa salamu. Hilo peke yake lilimfanya Bibi Salomat aweke chini kinyunya.

"Dada Salomat," alisema, "jana simu yangu haikulia hata mara moja. Ya Hoshim haikulia. Ya kwako tuliisikia mtaa mzima, kama kengele ya shule."

"Ergash, mdogo wangu, wivu unachachusha unga. Watu wamependa mkate wangu, mimi nifanyeje?"

"Hebu tuone wamependa mkate wa nani." Mzee Ergash alitoa simu, akavaa miwani, akatafuta uso wake mwenyewe kwenye ukurasa, akabonyeza. Simu ikalia mfukoni mwa Bibi Salomat. Walikuwa wamesimama hatua mbili tu, wakitazamana.

Bibi aliitoa simu na kuipokea, kwa mazoea. "Alo?"

"Alo," alisema Mzee Ergash, midomo ikicheza mbele ya macho ya Bibi na sauti ikimfika sikioni. "Naomba kuongea na Ergash."

"Ergash si wewe hapo?"

"Ndiyo swali langu hilo, Dada! Kwa nini nikijipigia mimi, unapokea wewe?"

Sanjar aliziba mdomo kwa mkono. Wakubwa hawakucheka. Hoshim alibonyeza kadi yake, simu ikalia kwa Bibi. Mjane wa kule pembeni naye akabonyeza, simu ikalia kwa Bibi. Kelele zikapanda.

"Mjukuu wake ndiye aliyetengeneza ukurasa!"

"Wamepanga, bibi na mjukuu!"

"Mwizi wa wateja ni mwizi wa mkate!"

Mzee Ergash aliinua mkono, wakanyamaza. "Dada Salomat, magoti yako yalipouma wakati wa baridi, tulikuokea kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Hatukukudai asante. Lakini kama haya ni kweli, kuanzia leo hakuna tanuri la mtaa huu litakalowaka kwa ajili yako."

Bibi Salomat alifungua mdomo ajibu kwa ukali wake wa kila siku, lakini ukali haukutoka. Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa la tanuri.

"Miaka arobaini na moja naoka katika mtaa huu," alisema polepole. "Sijachukua hata punje ya ufuta isiyo yangu. Wallahi sijui simu hizi zimekujaje."

Sauti yake ilitetemeka. Muhayyo hakuwahi kuisikia sauti hiyo ikitetemeka, wala hakutaka kuisikia tena maisha yake yote. Hakukumbuka alivyotoka mlangoni, ila alijikuta katikati ya ua, baina ya Bibi na masharubu ya Mzee Ergash.

"Ni mimi," alisema. "Bibi hajui chochote. Ni mimi, Babu Ergash."

Aliwaeleza yote, kuanzia namba aliyoiandika ndani ya kitufe Jumatatu na kuisahau, hadi ile kadi moja aliyoijaribu.

"Moja?" Sanjar hakuweza kujizuia. "Ya nani?"

"Ya Bibi."

"Ya bibi yako! Namba ya bibi yako, kwenye kadi ya bibi yako! Ingekataaje?"

"Na mwalimu alipouliza, nilimwambia nimejaribu tatu." Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. "Na jana nilijua, sikusema. Bibi alikuwa anaimba."

Bibi Salomat alimfuta mjukuu wake machozi kwa ncha ya aproni.

"Yanaweza kurekebishwa?" aliuliza.

"Ndiyo, Bibi. Kituoni."

"Basi vaa viatu."

Watu wa mtaa ule walisimulia safari hiyo kwa wiki nzima. Muhayyo alitangulia, na nyuma yake waokaji kumi na watatu wenye aproni na unga hadi kwenye nyusi, kisha Bibi Salomat, ambaye magoti yalimkataza kutembea, kwa hiyo alishikilia kigari cha mtoto kama mkongojo, kwi, kwi, kwi, hadi mlangoni mwa kituo. Mwalimu Dilfuza alipowaona alidhani kuna moto. Muhayyo alimweleza pale pale mlangoni, neno "tatu" likiwemo. Mwalimu hakumkaripia. Alimvutia kiti mbele ya kompyuta, na Muhayyo akaona ingekuwa nafuu kukaripiwa.

Waokaji walijipanga nyuma yake. Muhayyo alifungua kijenzi, akaifuta namba ya Bibi ndani ya kitufe, akaacha nafasi wazi mahali pake, akapandisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu.

"Nimemaliza."

"Umemaliza yangu," alisema Mzee Ergash. "Sasa na hizo thelathini na sita? Tumeacha matanuri yanawaka, binti."

"Zote zimekwisha, Babu. Ni muhuri mmoja."

"Haiwezekani! Siku nzima ya fujo, halafu neno moja?"

"Tujaribu," alisema Mwalimu Dilfuza, akimtazama Muhayyo. "Safari hii si kadi tatu. Zote zilizomo humu ndani."

Kila mwokaji akatoa simu yake na kubonyeza kadi ya jirani yake wa kulia. Simu kumi na nne zikalia kwa pamoja. Moja ilipiga wimbo wa harusi, nyingine ilibweka, ya mjane wa kule pembeni ilisoma dua, na ya Hoshim ilikuwa ndani kabisa ya suruali chini ya aproni, asiifikie. Wote wakapokea, wakapiga kelele ili wasikike.

"Alo! Nani?"

"Mimi Hoshim!"

"Hoshim upo wapi?"

"Nyuma yako!"

Bibi Salomat alishika simu yake mkononi akiitazama. Ililia mara moja tu. Alipokea kwa heshima kubwa.

"Alo, Salomat hapa. Unamtaka nani hasa?"

"Nakutaka wewe, Dada," alisema Mzee Ergash kutoka pembe ya chumba. "Nisamehe kwa kuingia kwako bila salamu."

"Nimekusamehe. Na wateja wako ninao kwenye mfuko wa unga, njoo uwanakili. Wa Hoshim pia, na wa kila mtu."

"Na ile habari ya soli ya kiatu? Mteja wangu mmoja alikuja kuniambia. Nayo ilitoka kwenye kitufe?"

Bibi Salomat alikohoa. "Hapana. Ile ilitoka kwangu mwenyewe. Nisamehe na wewe."

Hapo ndipo masharubu ya Mzee Ergash yalipocheka, na chumba kizima kikacheka pamoja nayo.

Kabla hawajaondoka, Mwalimu Dilfuza alimwambia Muhayyo kwamba kwa wiki mbili kazi yake darasani itakuwa kujaribu kurasa za wenzake, kila kitufe, na kuandika alichokiona. Mwanafunzi wa kwanza katika orodha hiyo alikuwa Sanjar. Sanjar alifurahi kupita kiasi.

Waliporudi nyumbani, Bibi Salomat alikwenda moja kwa moja ukutani, akautungua ule muhuri uliostaafu na kuupuliza vumbi.

"Piga," alisema, akimsogezea Muhayyo kinyunya.

Muhayyo alikandamiza. Ua zuri likatokea, zuri kuliko la muhuri wa kila siku, na kulizunguka, tarakimu za namba ya simu. Aliisoma mara mbili.

"Bibi, hii si namba yetu."

"Si yetu. Ni ya daktari wa meno wa barabara ya stesheni." Bibi alikaa, akanyoosha magoti. "Fundi alikosea tarakimu ya mwisho. Aliponikabidhi aliniambia, 'Mama, jaribu kwanza, usome kila namba.' Nikamwambia nimeshajaribu. Kumbe nilitazama ua tu, kwa kuwa ua lilikuwa zuri. Wiki mbili nilipiga mikate zaidi ya elfu moja. Watu walimpigia daktari wakimwomba mkate, yeye anawauliza jino gani linauma."

"Akafanyaje?"

"Alikuja hapa na mkate wangu mkononi. Mimi, badala ya kusema nimekosea, nilimwambia hajui kusoma. Nilimwomba radhi baada ya mwezi, na huo mwezi ulikuwa mrefu, Muhayyo. Nikautundika hapo uso ukutani, ili usinitazame."

Muhayyo alicheka huku akipangusa macho. Bibi alimshika kidevu kwa vidole vya unga.

"Sikiliza, mwanangu. Ukikosea mkate mmoja, umekosea mkate mmoja, mpe kuku. Lakini anayetengeneza muhuri anatengeneza mikate yote ambayo bado haijaokwa. Kwa hiyo kitu kitakachotumiwa na wengi, kikague zaidi ya mara moja, tena kikague pale usipopapenda, si pale unapojua kitakubali. Na ukigundua kosa, sema saa ile ile, kwa sababu muhuri mbovu haukai kukusubiri. Unaendelea kupiga. Leo umesema, hata kama umechelewa siku moja. Mimi nilichelewa mwezi."

"Nitasema, Bibi. Na sitasema tatu kama ni moja."

"Vema. Sasa huu," Bibi aliutazama muhuri mkononi, "tuufanyeje? Tuutupe?"

Muhayyo aliugeuza, akautazama kwa makini, kila msumari.

"Hapana, Bibi. Tarakimu ya mwisho ndiyo mbaya tu. Tumpelekee fundi arekebishe hiyo moja, na mikate yote itakuwa sahihi."

Bibi Salomat akapiga goti lake kwa kiganja, akasahau kwamba linauma.

"Miaka minane umening'inia pale!" alisema. "Miaka minane, na ilikuwa tarakimu moja!"

Mezani, simu ikalia. Bibi Salomat aliinyanyua, akamkonyeza mjukuu wake.

"Alo, Salomat hapa. Kabla hujasema idadi, niambie kwanza: una hakika ni mimi unayenitaka?"